Fomu yangu ilisema mjomba hana neno

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na leo sitaandika juu ya seva wala Linux. Nataka kuwasimulia kuhusu fomu niliyoitengeneza kwa mikono yangu, nayo ikanidanganya.

Kliniki moja ya meno iliniomba niwawekee kwenye tarakilishi fomu iitwayo OHIP-14. Ni kipimo alichokitoa mtafiti Gary Slade mwaka 1997, cha kuonyesha jinsi matatizo ya kinywa yanavyogusa maisha ya mtu. Maswali ni 14: unapata shida kutamka maneno? Unaumwa? Unaona haya? Kila jibu lina alama, kuanzia 0 (kamwe) hadi 4 (mara nyingi sana), kwa hiyo jumla haizidi 56. Kwa mtu wa programu, hiyo ni kazi ya jioni moja.

Nikaijaribu kwanza kwa mjomba wangu, Mombasa. Mjomba ametafuna tambuu tangu ujana wake: jani, popoo, chokaa na tumbaku kidogo. Popoo hufanya nyuzi ngumu zijijenge chini ya ngozi laini ya mdomo, mashavu yakakakamaa na mdomo ukakataa kufunguka. Mtu mzima kwa kawaida huingiza vidole vyake vitatu, vikiwa vimepangana wima, kati ya meno ya juu na ya chini. Mjomba anaingiza kimoja kwa taabu. Hali hii si saratani, ila kwa baadhi ya watu hugeuka kuwa saratani. Na popoo yenyewe, hata bila tumbaku, iliwekwa na shirika la IARC mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Basi nikamsomea maswali.

"Mjomba, umewahi kukatiza mlo kwa sababu ya kinywa?"

"Sijapata, mwanangu."

"Umeona haya mbele za watu?"

"Hata siku moja."

Jumla: 9 kati ya 56. Skrini ikaonyesha rangi ya kijani, niliyoiweka mwenyewe: athari ndogo.

Mkaza mjomba alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Akacheka. "Hebu mwulize, harusi ya mwisho kwenda ni lini?"

Kumbe mjomba hakatizi mlo kwa sababu anakula uji, na wali uliolainishwa kwa mchuzi usio na pilipili. Haoni haya kwa sababu anakula peke yake chumbani. Biriani ya sinia ameiacha, tonge haliingii. Hata mbinja aliyokuwa akiwapigia wajukuu, midomo haikubali tena.

Sisi wa programu tunalijua hili. Sehemu iliyoharibika haitoi hitilafu yoyote kama hakuna anayeigusa. Kumbukumbu za mfumo zinakuwa safi, kumbe watumiaji wamekwisha tafuta njia ya kuizunguka.

Kuna jambo jingine pia. Alipokatwa kipande cha nyama ya shavu kikapimwa, aliambiwa: si saratani bado. Hiyo "bado" ndiyo analala nayo. Kila kipele kikitokea, anajimulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo.

Maswali 14 sikuyagusa, maana ukibadilisha kipimo huwezi tena kulinganisha matokeo. Ila chini yake niliongeza kisanduku kisicho na alama: "Ni jambo gani umeacha kulifanya kwa sababu ya kinywa chako?" Kliniki wakakubali. Mjomba akaandika mwenyewe neno moja: sinia.

Ndugu msomaji, kama wewe au mzee wako anatafuna popoo, hata zile tamu za pakiti, jipimeni vidole vitatu leo. Vikikataa, au pilipili ikichoma kuliko zamani, au pana baka jeupe au jekundu, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, nenda kwa daktari wa meno. Ugumu uliokwisha kuingia hauondoki wenyewe, lakini kuacha popoo ndiyo hatua ya kwanza.

Haya, tutaonana kwenye makala ijayo. Nitarudi kwenye seva.