Nusu ya Pili ya Salamu Maria



Nilipoombwa kuandika juu ya mwaka wangu wa uchungaji, nilidhani nitaandika kuhusu jumuiya ndogo ndogo, mafundisho ya Kipaimara na vumbi la barabara za vigangoni. Lakini lililonifundisha zaidi mwaka huu ni jingine, nalo nimekuwa nikilificha. Mimi ni frateri mwenye ugonjwa wa seli mundu. Ninawaandikia ninyi mnaoishi na ugonjwa usiokwisha, na ninyi mnaokaa kando ya kitanda cha mgonjwa bila kujua la kufanya.

Nimezaliwa Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi. Kule usiku mtoto hulala akisikia mawimbi na injini za mitumbwi inayokwenda kuvua dagaa na migebuka. Sikuwa nimetimiza miaka miwili mikono na miguu yangu ilipoanza kuvimba. Baadhi ya ndugu walisema mtoto karogwa, wakataka nipelekwe kwa mtaalamu wa kienyeji. Mama akakataa, akanibeba mgongoni mpaka hospitali, damu ikapimwa. Huu ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata pale anapopokea hitilafu kwa baba na kwa mama, hata kama wazazi wenyewe hawaumwi. Chembe nyekundu za damu, ambazo huwa laini na za mviringo, zinakuwa ngumu na kupinda kama mundu wa kuvunia. Zikikwama katika mishipa midogo damu haipiti, na mahali hapo panauma kuliko ninavyoweza kueleza.

Baridi, kiu, uchovu na homa ni vitu ninavyopaswa kuvikimbia. Nami nilipangiwa parokia ya uwandani! Ziwa letu liko takriban meta 770 juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga mjini ni kama meta 1,800. Juni na Julai upepo wa Ufipa haubishi hodi. Wenyeji huvaa masweta mawili na koti, wakaendelea kupukuchua mahindi yao huku wakitaniana. Mimi nilivaa hayo yote na bado nilihesabu siku.

Usiku mmoja wa Julai maumivu yakaja. Yalianzia mapajani, yakapanda kiunoni. Nilikunywa maji na dawa za maumivu nilizopewa kliniki, nikajifunika blanketi tatu. Paroko alikuwa kigangoni na gari. Aliyenisikia ni katekista wetu, mzee wa makamo ambaye hulala parokiani siku za semina. Aligonga, akaingia na taa.

"Frateri, unaumwa?"

Sikuweza kujibu. Nilikuwa napumua haraka haraka, kama mtu aliyekimbizwa. Akampigia simu paroko, wakakubaliana kwamba gari litafika alfajiri. Kisha akavuta kiti, akatoa rozari.

Kusema kweli, nilikasirika. Nilitaka sindano, sikutaka rozari. Nikamwambia, "Mwalimu, siwezi kusali."

Akasema, "Sijakuambia usali. Nitasema mimi nusu ya kwanza. Nusu ya pili wewe vumisha sauti tu, mdomo ukiwa umefumba. Ukishindwa, nitasema zote mbili."

Akaanza, polepole, kwa sauti nzito ya chini, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Nusu yake ilipokwisha alinyamaza akaningoja. Nikavumisha. Ilitoka kama mguno. Akaendelea. Fungu la kwanza lilipita nikiwa sijaona tofauti yoyote. Katikati ya fungu la pili niligundua kwamba mabega yangu, yaliyokuwa yamekaribia masikio, yameshuka. Fungu la tatu nilikuwa napumua kama yeye. Maumivu yalikuwepo palepale. Lakini awali maumivu yalikuwa yamejaza chumba chote, na sasa yalikuwa kwenye miguu na kiuno. Mwenye ugonjwa kama wangu anajua tofauti hiyo. Gari lilifika saa kumi na moja, nikapelekwa hospitali, nikawekewa dripu, nikapona.

Nilipopata nguvu nilianza kuuliza na kusoma ni nini kilitokea usiku ule. Daktari mmoja alinieleza kwa lugha ya kawaida. Mwili una mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila kungoja amri yetu. Upande mmoja unatuandaa kupigana au kukimbia: moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mishipa midogo ya damu inabana. Upande mwingine unatupumzisha, na mshipa wake mkubwa hutoka kwenye ubongo, hupita shingoni na kufika kwenye moyo, mapafu na tumbo. Tunapotoa pumzi taratibu, huo wa pili hupata nafasi na moyo hupunguza mwendo. Kwa mtu mwenye seli mundu jambo hili si dogo. Hofu hubana mishipa kama baridi inavyoibana. Maumivu huleta hofu, hofu hubana mishipa, na mishipa iliyobana huweza kuzidisha maumivu. Nilikuwa nimezunguka ndani ya duara hilo tangu utotoni bila kulijua.

Na sauti inaingiaje hapo? Huwezi kuimba, kuvumisha wala kusema sala ndefu bila kutoa pumzi polepole. Ukimwambia mtu mwenye maumivu "tulia, pumua taratibu", atakuona unamdhihaki. Ukimpa wimbo anaoujua au sala anayoijua, pumzi inajirefusha yenyewe.

Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia walichapisha utafiti katika jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal. Waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, na pia wakitamka mantra inayotumika katika yoga. Katika hali zote mbili pumzi zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakapatana vizuri na mwendo huo wa pumzi. Niliposoma hivyo nilimkumbuka Mwalimu na taa yake. Wale waliopimwa walikuwa wazima, kwa hiyo utafiti huo hausemi kwamba rozari inatibu seli mundu, wala mimi sisemi. Unaonyesha tu kwamba sala ya kupokezana, kila mmoja na nusu yake, inafuata mwendo ambao mwili unaupenda.

Mafrateri wenzangu, jambo hilo tunalifanya kila siku. Katika Masifu ya Asubuhi na ya Jioni tunapokezana zaburi upande kwa upande, na katikati ya mstari kuna kituo kidogo. Walezi wetu hutukumbusha tusikirukie kituo hicho. Kwa miaka mingi nilidhani ni suala la nidhamu tu. Siku hizi kituo hicho ndicho ninachokisubiri, kwa sababu pale ndipo ninapovuta pumzi na upande wa pili unapobeba sala.

Mtu anaweza kuniuliza: ikiwa mantra nayo inashusha pumzi, basi rozari ina nini cha pekee? Swali hilo lilinisumbua. Jibu nililolipata ni hili: pumzi ni ya binadamu wote, Mungu ametuumba hivyo, na hakuna haja ya kuona wivu. Mimi sisali ili mapigo ya moyo yashuke. Ninasali kwa sababu kuna Anayesikiliza. Kwamba mwili nao unapata raha wakati roho inaongea na Baba yake, hilo ni la kushukuru, kama tunavyoshukuru kwamba chakula chenye kutujenga kina pia ladha. Hata Sauli, tunasoma katika 1 Samweli 16, alipata nafuu Daudi alipopiga kinubi. Lakini mkisoma mbele mtaona kwamba nafuu ile haikumponya Sauli, na siku moja akamrushia Daudi mkuki wakati kinubi bado kinapigwa.

Nami nilirusha mkuki wangu. Baada ya Julai nilikaa miezi minne bila shambulio. Kila usiku nilisali fungu mbili kwa sauti ya chini, mchana nikivumisha nyimbo nikitembea. Nikaanza kusema moyoni kwamba nimepata dawa. Vidonge vyangu vya foliki asidi na haidroksiyurea vilipokwisha mwezi wa Oktoba, sikwenda kliniki. Hakuna aliyenidanganya, nilijidanganya mwenyewe, na nikaupa udanganyifu ule jina la imani. Wiki ya kwanza ya Majilio nilianguka sakristia. Damu ilikuwa imeshuka mno. Vijana sita wa kwaya yetu walikuja mjini kwa basi kunitolea damu, wanne walifaa. Daktari hakunigombeza sana. Alisema tu, "Frateri, rozari yako siikatai, hata mimi ninayo. Lakini vidonge viko wapi?"

Pale kitandani nilimfikiria Adriano Atiman. Wakatoliki wa upande huu wanalijua jina hilo. Hospitali ya Kanisa pale Sumbawanga mjini imepewa jina lake. Alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya ziwa letu. Alikaa huko hadi alipofariki mwaka 1956, akiwa daktari na katekista kwa pamoja. Mtu yuleyule, mikono ileile, alifunga vidonda na kufundisha sala. Hakuona kwamba kimoja kinakiibia kingine. Mimi, mtoto wa ziwa hilohilo, zaidi ya miaka sitini baadaye, nilitaka kuchagua kimoja.

Kulikuwa na jambo jingine lililojificha chini ya hilo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 241, inataka anayepokelewa seminarini aangaliwe pia afya ya mwili na ya akili. Walezi wangu walijua nina "tatizo la damu". Sikuwahi kuwaeleza lina uzito gani. Kila shambulio nililiita malaria. Nilitamani sauti itoshe, kwa sababu sauti haiachi karatasi kwenye faili. Kliniki inaacha.

Nilipotoka hospitali nilimweleza paroko kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa tutaandika barua kwa Padre Gombera, wewe na mimi." Tuliiandika meza moja. Jibu la mwisho bado halijatoka, na ninapoandika haya sijui kama nitapewa ushemasi. Mwanzoni hilo lilininyima usingizi. Siku hizi nalala. Sitamani tena kwenda altareni nikiwa nimebeba uongo.

Kwa wanaotaka kufanya kama nifanyavyo: kwanza maji, dawa na nguo ya joto. Kisha kaa au lala unavyoweza, chagua sala au wimbo ambao hauhitaji kitabu, useme kwa sauti ya chini, na usihesabu pumzi. Ziache zifuate maneno. Lakini ikija homa, maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, au upande mmoja wa mwili kulegea, usianze hata fungu moja. Nenda hospitali, rozari itasaliwa njiani.

Kwa wanaotembelea wagonjwa: muulizeni mgonjwa kwanza. Vijana wetu, kwa upendo wote, waliwahi kuja kuniimbia na kinanda na spika mbili. Niliwashukuru, nikageukia ukutani. Mtu anayeumwa mara nyingi anahitaji sauti moja, ya chini, isiyo na haraka, na mtu anayejua kunyamaza nusu ikifika. Yule mtu mwenye kupooza katika Injili ya Marko alibebwa na watu wanne mpaka kwa Yesu. Hatusomi popote kwamba alisema neno lolote njiani.

Mwezi uliopita nilipeleka Komunyo kwa bibi mmoja ambaye presha na kiharusi vimemlaza miaka mingi. Maneno yake hayatoki vizuri, na mwanzoni aliona aibu kusali mbele yangu. Nikamwambia, "Bibi, mimi nitasema nusu ya kwanza." Akavumisha. Mjukuu wake aliyekuwa akiosha vyombo nje aliacha, akaingia, akakaa chini karibu na kitanda, akashika nusu ya pili pamoja na bibi yake. Nilipoondoka walikuwa wanaendelea wenyewe.

Mnikumbuke katika sala zenu, na vidonge vyangu pia.