Sabato Niliyoiona Mbale

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike habari yo yote yenye faida, tena ameniomba mara tatu, kwa hiyo siwezi kumkimbia zaidi. Basi nitaandika habari ya siku moja niliyokaa kwa Wayahudi wa Uganda, na kidogo habari ya mama yangu, maana kwangu mambo haya mawili yamefungamana.

Nianze na mama. Mwaka juzi, katika muhula wa pili, alitoka kijijini akaja kunitazama hapa katika nyumba za walimu. Alikaa Jumamosi na Jumapili. Nilikuwa na madaftari ya Kidato cha Nne ya kusahihisha, na simu yangu haikunyamaza: kundi la walimu, kundi la wazazi, kundi la ukoo, na mengine ambayo hata sijui niliyaingiaje. Kila alipoanza neno simu ililia, nami nikamwambia, "Ngoja kidogo, mama." Jumatatu alfajiri nilimsindikiza stendi. Akaniambia, "Nilikuja kukuona, mwanangu, nami nimekuona." Gari lilipokwisha kuondoka ndipo maneno hayo yaliponichoma.

Likizo ya Agosti nilivuka mpaka pale Malaba nikaenda Mbale, ambako dada yangu ameolewa. Shemeji yangu hununua mbao kwa mzee mmoja wa Abayudaya, ndio Wayahudi wa nchi ile. Akaniambia, "Wewe mwalimu hupenda kuulizauliza. Ijumaa twende kilimani Nabugoye ukamwulize huyo."

Nilidhani nitakuta wageni kutoka Ulaya, kumbe ni watu kama sisi, wenye mashamba ya migomba na kahawa. Habari yao ni hii. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza katika kuitiisha nchi ya mashariki, kisha akakosana nao. Akaisoma sana Biblia, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, akaishika Torati. Alikufa 1928, lakini waliomfuata hawakutawanyika. Idi Amin alipotawala, 1971 hata 1979, dini yao ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi waliiacha, wachache waliobaki walisali kwa siri. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda Marekani kusoma, na mwaka 2008 akawekwa kuwa rabi.

Tulifika yapata saa kumi na mbili jioni. Mishumaa ilikuwa tayari, kwa maana lazima iwashwe kabla ya jua kuchwa. Sabato ikiingia, moto hauwashwi. Waliimba kwa Kiebrania na kwa Kiganda. Wimbo mmoja, uliotungwa na Shlomo Alkabetz karne ya 16 huko Safed katika Galilaya, ulipofika ubeti wa mwisho, watu wote waligeuka wakautazama mlango, wakainama kidogo, kama wanaompokea bibi arusi. Nami niligeuka nione ni nani anayekuja. Hapakuwa na mtu. Ile siku yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipokelewa.

Nikatoa simu nipige picha. Mzee akanigusa bega kwa upole, akatikisa kichwa. Niliona haya kama mwanafunzi aliyekamatwa na karanga darasani.

Baada ya chakula, kilichoanza kwa divai na mikate miwili, ukumbusho wa mana iliyoanguka maradufu siku ya sita kule jangwani, nikamwuliza mzee maana ya makatazo yale. Akanieleza kwamba wataalamu wa kale walihesabu kazi 39 zisizofanywa siku ya Sabato: kulima, kupanda, kuvuna, kukanda unga, kufuma, kujenga, kubomoa, kuwasha moto na kuuzima, hata kuandika herufi mbili.

"Na kusahihisha madaftari?" nikauliza.

"Hiyo si kuandika, Mwalimu?"

Nikamwambia, kwa heshima, kwamba kwangu mambo haya yalinuka sheria za bweni. Akacheka. Akasema shabaha si kukwepa jasho, maana mtu aweza kuhamisha kiti nyumbani mwake mara kumi asivunje Sabato, lakini akiandika herufi mbili ameivunja. Lililokatazwa ni kuunda na kugeuza vitu. Siku sita watu huitengeneza dunia, na siku ya saba huiacha kama ilivyo.

"Na mtu akiugua sana?"

"Unawasha gari mara moja unampeleka hospitali. Uhai hutangulia."

Ndipo akanikumbusha jambo ambalo nimelisoma tangu utoto nisiliangalie. Amri Kumi zimeandikwa mara mbili. Katika Kutoka, sababu ya Sabato ni kwamba Mungu alistarehe siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati sababu ni nyingine: kumbuka kwamba ulikuwa mtumwa Misri. Ndiyo maana mtumishi, mgeni na hata punda nao wanapumzishwa. "Mtumwa hana siku yake," akasema mzee. "Akiitwa, lazima aitike."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya simu.

Sikukubali kila kitu. Nilimwambia kuna mama auzaye nyanya ambaye asipouza leo watoto hawali leo. Hakunipinga. Alisema yeye pia Jumamosi, siku ambayo watu wengi hununua mbao, duka lake limefungwa, na wateja amewapoteza si haba. Swali la yule mama wa nyanya bado ninalo.

Mzee alinitajia kitabu cha Abraham Joshua Heschel juu ya Sabato, kilichotolewa Marekani mwaka 1951, nami nilikitafuta mpaka nikakipata. Heschel alizaliwa Warsaw mwaka 1907, akafika Marekani 1940. Mama yake na dada zake watatu waliuawa katika maangamizi ya Wanazi. Ni huyu aliyeandamana pamoja na Martin Luther King kule Selma mwaka 1965. Anaonyesha kwamba kitu cha kwanza kuitwa kitakatifu katika Biblia si mlima wala madhabahu, bali ni siku. Nilipoisoma hoja hiyo niliwafikiri watu wa Nabugoye. Amin aliweza kuyafunga masinagogi, lakini Ijumaa jioni hakuweza kuizuia isifike.

Mimi ni Mkristo na sikusudii kubadili dini. Lakini niliporudi nilijaribu kuizima simu Jumapili nzima. Mara ya kwanza niliiwasha saa nne asubuhi, kwa kisingizio cha kutazama saa. Mara ya pili nilishinda, ila Jumatatu mkubwa mmoja wa kazi alinikaripia kwa sababu sikuujibu ujumbe wake, ambao haukuwa na haraka yo yote. Mara ya tatu niliifungia kabatini, nikapanda matatu kwenda kwa mama.

Nilimkuta uani akimenya karanga. Nikaketi juu ya kigogo, nikaanza kumenya pamoja naye. Alinisimulia habari ya ng'ombe, ya jirani aliyehama, na ya marehemu baba alipokuwa kijana, ambayo sikuwa nimeisikia kamwe. Sijui tulikaa kwa muda gani. Hatimaye akanitazama kwa wasiwasi, akauliza:

"Simu yako imeibwa?"

"Hapana, mama. Nimeiacha nyumbani."

Akanyamaza kidogo, kisha akanisogezea ungo wa pili.