Ile Aya ya Chini Kabisa

Wasee, swali moja kabla ya yote. Mara ya mwisho umepata barua rasmi, iwe ya benki, ya chuo ama ya bima, ulisoma mpaka chini kabisa? Pale kwa maandishi madogo? Usinidanganye. Hata mimi sikuwa nasoma, hadi nikaanza kulipwa kuyabandika.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kazi ya kwanza kunishika ilikuwa ya laptopu. Kampuni fulani hapa Nairobi ilikuwa inafanya kazi ya makaratasi ya bima kutoka Marekani. Saa kumi na moja jioni, wakati nyinyi mnapiga foleni ya matatu kurudi nyumbani, kule New York ni asubuhi na ofisi ndio zinafunguliwa. Basi huo ndio wakati nilikuwa naingia kazini. Nilikuwa natoka saa saba usiku, macho mekundu kama ya mtu ametoka klabu.

Kazi yenyewe? Barua. Msee wa huko amegongwa gari, ama mvua ya mawe imempasua paa, anaitisha fidia. Afisa wa madai huko kwao anaamua alipwe, asilipwe, ama angoje. Mimi sikuwa naamua kitu. Mimi nilikuwa naipanga barua, nahakikisha jina liko sawa, halafu naweka aya ya mwisho. Ile ya kisheria. Nikadhani hiyo ndiyo sehemu rahisi. Manze, hiyo ndiyo ilinipeleka mbio.

Shida iko hivi. Sisi Kenya tuna kaunti 47 lakini sheria ya bima ni moja, Sura ya 487, iwe uko Lodwar ama Likoni. Marekani sio hivyo. Tangu 1945 kuna sheria ya Bunge lao, inaitwa McCarran-Ferguson, iliyoacha kazi ya kusimamia bima mikononi mwa majimbo. Majimbo ni 50, ongeza mji mkuu wao. Kila moja lina idara yake ya bima, na kila moja lina maneno yake ambayo linataka yawe kwa barua ama kwa fomu.

Mfano wa onyo la udanganyifu. New Jersey wanaridhika na sentensi moja fupi: ukijaza uongo, kuna adhabu ya jinai na ya madai. New York wanaandika aya ndefu, na ndani yake wanakuambia faini inaweza kufika dola 5,000 pamoja na thamani ya dai lenyewe. California wanakutajia jela moja kwa moja. Kosa ni lile lile, lakini maneno ni tofauti, na huwezi kumpa mtu wa California aya ya New Jersey.

Halafu kuna ile aya nyingine, na hii ndiyo ilinibadilisha. Kampuni ikikataa dai la mtu wa California, barua lazima imwambie kwamba akiona ameonewa, anaweza kupeleka hiyo kesi Idara ya Bima ya jimbo iangaliwe. Na sio kumwambia tu, lazima imwekee anwani na nambari ya simu. New York wako na yao pia, inayomtuma mtu kwa idara yao ya huduma za fedha. Kwa ufupi, kampuni inalazimishwa kukuonyesha mlango wa kwenda kuishtaki.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nanakili na kubandika kwa mkono. Barua arobaini, hamsini kwa zamu. Ukichoka, unakosea. Na hizo herufi mbili za majimbo ni mtego. Yale ya M peke yake ni nane: MA, MD, ME, MI, MN, MO, MS, MT. Sasa niambie saa sita usiku, MS ni Missouri ama Mississippi? (Ni Mississippi. Nilikosea mara mbili kabla iniingie.)

Nikasema hapana, hii kazi inaweza kufanywa na mashine. Nikakaa na Excel wikendi mzima. Safu ya jimbo, safu ya aina ya bima, safu ya aina ya barua: tumepokea dai, tumechelewa, tumekataa. Ukiweka herufi mbili, aya inakuja yenyewe. Jumatatu nikamaliza kazi ya saa nane kwa saa tatu. Bosi wa zamu akaniita genius mbele ya watu. Nilitembea na hiyo sifa wiki nzima.

Wiki ya pili, dada mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kukagua barua kabla zitumwe akanirudishia moja. Aliandika neno moja tu: "Iko wapi?"

Ilikuwa barua ya kukataa. Mtu wa New York. Lakini aliyejaza fomu hakuandika NY, aliandika "New York" yote. Formula yangu ilitafuta herufi mbili, ikakosa, ikaacha nafasi wazi. Haikulia. Haikuweka rangi nyekundu. Barua ilitoka safi, imeenea vizuri kwa ukurasa mmoja, imesema "tunasikitika", na ikaishia hapo. Kama huyo dada angekuwa na usingizi, huyo mtu angesoma hiyo barua akaamini hakuna pengine pa kwenda.

Na hapo ndipo nilimkumbuka buda.

Nikiwa kidato cha tatu, buda alikuwa na pikapu. Alikuwa anatoa mboga Marikiti usiku, anasambaza mtaani kabla jua litoke. Ilikuwa na bima kubwa, ile ya kulipia hata gari lako mwenyewe. Dereva wake akapata ajali Thika Road, pikapu ikaisha. Barua ya bima ilikuja baada ya miezi. Mistari mitatu na muhuri. Dai limekataliwa, leseni ya dereva ilikuwa imeisha. Buda alikuwa na risiti kwamba leseni ilikuwa imelipiwa kabla ya ajali. Alienda na hiyo risiti kwa kampuni mara mbili, akaambiwa angoje kwa benchi, akangoja. Mara ya tatu hakuenda. Alikunja barua akaiweka ndani ya ile Biblia yake ya zamani, na hatukuongea tena hiyo maneno. Karo yangu ya chuo ilianza kuyumba pale.

Hakuna mtu alimwambia kuna mamlaka ya kudhibiti bima, IRA, iko hapa hapa Upper Hill, na kwamba kupokea malalamiko ya watu kama yeye ni kazi yao. Sisemi angeshinda. Labda risiti haingetosha. Lakini alistahili kujua kuna mlango. Barua yake haikuwa na aya ya chini.

Kwa hivyo nikibishana na watu kuhusu mashine kuchukua kazi za ofisi, siko upande ule mnadhani. Mimi nataka mashine iandike hiyo aya. Binadamu huchoka, binadamu huchanganya MO na MS. Lakini nimejifunza mambo mawili. Kwanza, mashine ichague, isitunge. Aya ya kisheria imeandikwa na mawakili, neno kwa neno, kazi ya programu ni kutoa ile sahihi kutoka kwa kabati. Ukiiachia AI ikuandikie "kitu kinachofanana", itakupa aya tamu sana ya sheria ambayo haipo. Pili, mashine isipojua, isimame. Kuna Washington jimbo, upande wa magharibi, na kuna Washington DC, mji mkuu, upande wa mashariki. Mtu akiandika "Washington" tu, programu nzuri haibahatishi. Inaita mtu.

Nilirekebisha Excel yangu. Nikiweka jimbo isilolijua, safu yote inageuka nyekundu na barua haitoki. Ilipunguza kasi yangu, na bosi hakuniita genius tena. Miezi michache baadaye kampuni ilileta programu kubwa kutoka kwa mteja, na wengi wetu tukaambiwa asante kwa kazi nzuri. Ndiyo nikaanza kutengeneza video. Sina kinyongo. Natumai tu hiyo programu inajua kusimama.

Mwaka jana nilimuuliza buda kama bado ana hiyo barua. Akaileta. Nikamsomea yote kwa sauti, mistari mitatu, kisha nikamwambia kuhusu IRA. Alinyamaza kidogo. Akauliza, "Hiyo ofisi ilikuwa huko tangu lini?" Nikamwambia tangu 2007. Akairudisha kwa Biblia.

Kwa hivyo wewe, ama mzazi wako, ama mjomba wako wa bodaboda: barua ya "tunasikitika" ikija, itisha sababu kwa maandishi, weka nakala ya kila karatasi, na uulize, "Nisipokubaliana na hii, naenda wapi?" Wakikuambia hakuna, wanakudanganya. Uko na Upper Hill.