Kutoka Kabambare hadi Kasongo Kutafuta Cheti

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha tulipoondoka Kabambare. Pikipiki zilikuwa mbili: ya mbele ilimchukua mama mmoja wa parokia pamoja na bintiye mwenye miaka 16, ya nyuma ilituchukua sisi. Kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni, mama alikuwa amefunga karatasi moja tu, yaani cheti cha ubatizo cha binti huyo.

Wasomaji wapenzi, huo ulikuwa mwanzo wa safari ya Korea. Tarehe 6 Agosti 2023, huko Lisbon, Baba Mtakatifu Fransisko alitangaza kwamba Siku ya Vijana ya Ulimwengu itakayofuata itafanyika Seoul. Imepangwa kuwa tarehe 3 hadi 8 Agosti 2027. Binti yule ni mwimbaji wa kwaya, naye ametia nia kwenda. Nauli bado yatafutwa. Lakini kabla ya nauli kuna pasipoti, na kabla ya pasipoti kuna cheti cha kuzaliwa, nacho hakuwa nacho.

Sheria ya Kongo yawataka wazazi wamwandikishe mtoto katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Muda ukipita, yahitajiwa hukumu ya mahakama. Vijijini wengi hushindwa: afisi i mbali, na pengine mtoto alizaliwa watu wakiwa wamekimbilia porini. Padri alimbatiza, jina likaandikwa kitabuni, wazazi wakaona yamekwisha. Kumbe mbele ya serikali cheti cha ubatizo ni ushahidi tu.

Njia hii ni kongwe. Misafara ya pembe na watumwa ilipita hapa kutoka Nyangwe na Kasongo, mji wa Tippu Tip, kwenda Ujiji na pwani. Livingstone naye alizuiwa Kabambare miezi mingi mwaka 1870 kwa vidonda vya miguu. Kiswahili tuandikacho kilikuja kwa njia iyo hiyo. Twakipenda, ingawa twajua kilivyotufikia. Wale waliochukuliwa, majina yao hayakuandikwa popote.

Nyanya wa binti hakuyasahau hayo. Jioni ya kuagana alisema, "Mjukuu wangu, waliopita njia hii kwenda ng'ambo, nani alirudi kutupa habari?"

Binti akajibu kwa heshima, "Nyanya, wale walifungwa kamba. Mimi nitakwenda na tiketi ya kurudi."

Nasi, tukitaka kumtuliza mzee, tukamsimulia habari za Adriano Atiman: jinsi alivyotekwa utotoni katika nchi za Timbuktu, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, akawatibu watu huko hadi kufa kwake mwaka 1956. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mama yake alimwona tena?" Tulilazimika kukiri kwamba hakumwona. Hadithi yetu haikusaidia kitu.

Kasongo tulifika siku ya pili, nguo zote matope. Katika afisi moja, ambayo hatutaitaja, karani alilinganisha cheti cha ubatizo na karatasi ya shule, akaona jina la binti limeandikwa namna mbili. "Ni watoto wawili hawa," alisema, akaturudisha. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu mama aliketi kivulini na kusema, "Mwanangu, labda nyanya yako alisema kweli. Turudi nyumbani?"

Binti hakulia. Alisema, "Mama, hata nisipokwenda Seoul, nataka jina langu liwe moja."

Basi tukaenda kwa paroko, akafungua kitabu kikubwa, akaandika barua ya kuthibitisha. Tukatafuta na mashahidi wawili. Ombi limepokelewa mahakamani, na hukumu yangojewa. Kabla ya kupanda pikipiki mama alipita sokoni akanunua mfuko mwingine wa nailoni, mkubwa kuliko ule wa kwanza.