Jua la Kosele

Atokaye Mombasa akafika Kosele, jirani na Oyugis katika kaunti ya Homa Bay, husifu kwanza hewa yake. Ziwa Viktoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nayo Kosele i juu zaidi, na asubuhi shali hutakiwa. Tulipumzika hapo tukielekea Kendu Bay kuwazuru Waislamu wenzetu, tukawakuta akina mama wameketi juani na mafungu ya viazi vitamu, wala hakuna aliyelalamika joto.

Ubaridi huo ndio udanganyao. Kwetu pwani jasho hutufukuza tukaingia kivulini. Lakini kinachounguza ngozi si joto, bali ni mionzi isiyoonekana, ambayo huzidi kadiri mtu apandavyo mlima, na wingu jepesi haliizuii. Kosele haijatimiza hata nyuzi moja kusini mwa Ikweta. Jua huipita utosini mara mbili kwa mwaka, yapata Machi na Septemba, na katikati ya miezi hiyo haliendi mbali. Ndugu zetu walioko Uingereza hupumzishwa na majira ya baridi. Huku hakuna mwezi wa kupumzika.

Weusi wetu ni kinga tuliyojaaliwa, ingawa haikukamilika. (Wanaoiondoa kwa mkorogo wenye zebaki hujivua ngao kwa mikono yao, tena kwa fedha zao.) Ila wapo waliozaliwa bila kinga hiyo. Pale sokoni alikuwapo mama na mwanawe mwenye ualbino, yapata miaka minane, shingo imebabuka, midomo imepasuka. Saratani ya ngozi huwapata watu kama yeye wangali vijana.

"Mzee, nyumbani namvika mikono mirefu," alituambia. "Shuleni sare ni mikono mifupi, na kofia huambiwa avue mstarini."

Mafuta ya kukinga jua anayo. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu huwagawia wenye ualbino. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya namna hiyo yaitwayo Kilisun, kwa ajili yao hasa. Lakini mafuta hupakwa tena kila baada ya saa mbili, na chupa huisha. Nguo haiishi. Katika Suratun-Nahl, aya ya 81, vivuli na mavazi yakingayo joto vimehesabiwa miongoni mwa neema. Buibui na kanzu tunazo tayari. Kofia zetu za viua, hata hivyo, hazina ukingo: hupamba kichwa, masikio yakabaki juani. Mtoto huyu anahitaji pama pana la ukili, na kivuli tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi.

Walimu wa madrasa wasomao ukurasa huu, watazameni watoto wenu wenye ualbino wanapopangwa uani. Mama yule alikuwa amebakiwa na mafuta ya kupaka pua na masikio tu, na mwezi ulikuwa haujafika nusu.