Kijiwe cha Kahawa na Mawingu ya Zuhura

Kijiwe chetu kilikuwa Sinza, chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka kwenye jengo tulimopanga chumba cha ofisi. Mabenchi mawili ya mbao, jiko la mkaa, birika, ndoo ya kusuuzia vikombe, na sinia la kashata lililofunikwa kitambaa cheupe. Mzee muuza kahawa alifika baada ya swala ya Alasiri, na ikigonga saa kumi na moja sisi watengeneza programu tumeshafunga laptopu na kushuka. Shikamoo mzee, marahaba wanangu, na vikombe vinaanza kuzunguka.

Benchi la kwanza lilikuwa la Simba na Yanga. La pili lilikuwa letu, nalo lilikuwa la habari za sayansi. Mchana kutwa tulikuwa tumeandika mifumo ya ada za shule, ya stoo za maduka, ya malipo ya simu. Jioni kila mmoja alitaka kuinua kichwa atazame mbali. Na mwaka huo wa 2020 habari hazikukauka. Mwezi Mei chombo cha SpaceX kiliwapeleka wanaanga wawili kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Mwezi Julai gari la Perseverance likaondoka kwenda Mirihi kutafuta alama za viumbe vya kale. Kila habari ilipata mtu wa kuileta na mtu wa kuipinga.

Wa kudumu tulikuwa wanne. Mkubwa wetu, tuliyemwita Kaka bila kuongeza jina, alipokuwa chuoni aliwahi kuweka kwenye kompyuta yake programu ya SETI@home, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1999. Ukiiacha kompyuta imetulia, programu ile ilichukua kipande cha mawimbi yaliyonaswa na darubini ya redio ya Arecibo, kule Puerto Rico, ikakichambua kutafuta ishara ya viumbe wenye akili, kisha ikarudisha majibu. Watu zaidi ya milioni 5 duniani walijiunga. Machi 2020 mradi uliacha kugawa kazi mpya, naye alituletea habari hiyo kwa sauti ya mtu anayetaja msiba wa jirani.

Wa pili alikuwa dada wa takwimu, msema kidogo, mwenye daftari la mistari alilotembea nalo kila mahali. Wa tatu alikuwa dogo kutoka Mbozi, mkoani Songwe, ambako kipo kimondo mashuhuri, bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi. Alikuwa akisema, “Nyie ya angani mnayasoma. Mimi nimeyashika kwa mkono.” Wa nne nilikuwa mimi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuuliza maswali.

Jumatatu tarehe 14 Septemba, jua likielekea kuzama, Kaka aliinua macho kutoka kwenye simu akasema, “Jamani, Zuhura.” Hakumalizia. Akampa dada simu asome mwenyewe.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Timu iliyoongozwa na Jane Greaves wa Chuo Kikuu cha Cardiff ilitangaza kwamba imeona alama ya gesi ya fosfini katika mawingu ya sayari ya Zuhura. Walitumia darubini ya James Clerk Maxwell iliyoko Hawaii mwaka 2017, wakathibitisha kwa darubini za ALMA zilizoko Chile mwaka 2019. Kiasi walichokadiria kilikuwa sehemu 20 katika kila bilioni. Ni kidogo, lakini hapa duniani fosfini hutengenezwa viwandani, au hupatikana pale wanapoishi vijidudu wasiohitaji oksijeni. Timu ilipiga hesabu za volkano, za radi, za vimondo. Hakuna kilichotosha kueleza gesi ile. Hawakusema wameona uhai. Walisema ama kuna kemia tusiyoijua, ama kuna kitu kinaishi mle.

Kijiwe kikawaka. Dogo alisimama kabisa. Mimi nilikumbuka kusoma kwamba uso wa Zuhura una joto la nyuzi 460 hivi, risasi inayeyuka, na hewa yake inakandamiza mara 90 kuliko yetu. Kitaishi nini huko? Kaka akanijibu kwamba mawingu ni jambo jingine: ukipanda kilomita 50 na kitu kutoka juu ya uso, joto linashuka hadi kuwa kama la Dar, ila matone yake ni tindikali kali ya salfa. Carl Sagan na Harold Morowitz waliandika juu ya uwezekano wa viumbe katika mawingu hayo tangu mwaka 1967. Watu wa benchi la mpira waligeuka kutusikiliza, jambo lililotokea kwa nadra.

Mzee alimimina kikombe, akauliza, “Hiyo gesi, nani amekwenda akainusa?”

“Hakuna aliyekwenda, mzee,” Kaka alisema. “Kila gesi inameza mawimbi ya aina yake. Ukitazama mwanga wa redio unaotoka Zuhura, unakuta pengo dogo mahali fulani. Lile pengo ndilo sahihi ya gesi.”

“Basi lisemwalo lipo,” mzee akasema. “Kama halipo, laja.”

Adhana ya Magharibi ikaanza, tukanyamaza wote. Usiku ule sikulala vizuri. Alfajiri nilitoka uani nikaiona Zuhura upande wa mashariki, inang'aa kuliko nyota zote, na kwa mara ya kwanza maishani niliitazama kama mahali. Nilitaka kwa moyo wote habari ile iwe kweli.

Kesho yake dada alikuwa ameandika kwenye daftari lake swali moja tu: pengo lile limetenganishwaje na kelele? Maana mawimbi yanayofika kwenye darubini hayaji safi. Vyombo vyenyewe vinayatia mikunjo, na lazima uiondoe kwanza kwa hesabu kabla hujaona kitu. Tulimwona kama mtu anayeuliza bei ya pilau katikati ya harusi. Hakuchoka. Kila jioni alirudia swali lake.

Mwezi Oktoba jibu lilifika kutoka Leiden, Uholanzi. Kundi la Ignas Snellen lilichukua data zilezile za ALMA likazichambua upya. Timu ya kwanza ilikuwa imeondoa mikunjo kwa polinomia ya daraja la 12, yaani mstari ulio huru kupinda mara nyingi sana. Watu wa Leiden walionyesha kwamba njia hiyo inaweza kuzaa mapengo pale ambapo hakuna gesi yoyote. Wengine wakasema hata dioksidi ya salfa, ambayo ipo Zuhura, inameza mawimbi karibu na palepale. Waendeshaji wa ALMA nao wakagundua kosa katika usawazishaji wa data zao, wakazichakata upya. Timu ya Greaves iliporudia hesabu, kiasi cha fosfini kilishuka hadi sehemu chache tu katika kila bilioni.

Jioni tuliyosoma habari za Leiden ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Dogo alikuwa mkali. “Daraja la 12 lina ubaya gani? Mstari ukipinda zaidi si unafuata data vizuri zaidi?” Dada akamwambia, “Usibishane na mimi. Fungua laptopu.”

Akaifungua juu ya benchi, betri ikiwa imebaki robo. Mzee alisogeza jiko ili moshi usimwendee. Dada alisema, dogo aliandika. Iambie kompyuta imwage namba 500 za bahati nasibu. Ongeza wimbi la polepole, mfano wa mikunjo inayotokana na vyombo. Chora. Kwenye kioo kikatokea kitu kama nywele zisizochanwa, hakina maana yoyote, tena tulijua hakina maana kwa sababu tumekitengeneza wenyewe. Sasa ziba sehemu ya katikati, pale unapotarajia pengo. Pitisha polinomia ya daraja la 12 kwenye pande mbili zilizobaki. Iondoe. Chora tena.

Mara ya kwanza hatukuona kitu. Dogo akatabasamu. “Badilisha namba,” dada akasema. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu, kilima kidogo. Mara ya nne likatokea pengo, katikati kabisa, limechongeka vizuri, zuri kama lile la kwenye picha za magazeti. Hakuna aliyesema neno. Ndani ya ile laptopu hapakuwa na Zuhura, hapakuwa na gesi, hapakuwa na chochote. Mstari ulipozibwa macho katikati ulijipindia ulivyotaka, na ulipoondolewa ukaacha bonde.

“Ukipenda chongo, huita kengeza,” mzee alisema, akichungulia kioo kwa nyuma yetu.

Mimi nilikuwa nimeinama. Nilikuwa nafikiria kazi yangu mwenyewe. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimemtengenezea mteja wetu programu ya kutabiri siku ambazo miamala ingefurika, ili aandae seva na watu. Kila nilipoona mstari wangu haugusi namba za mwaka uliopita niliongeza kigezo: siku za mishahara, sikukuu, mvua. Mwishowe mstari ukapita juu ya kila nukta. Mteja aliufurahia ule mchoro, mimi nikapongezwa, na sikuwa nimeujaribu hata kwa mwezi mmoja ambao programu haikuwahi kuuona.

Niliwaambia palepale. Kaka hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Ukiipa kelele, itatabiri nini?” Usiku ule nilizichanganya tarehe ovyo, nikaipa programu data isiyo na mpangilio wowote. Mstari ulipita juu ya kila nukta, vilevile. Asubuhi nilimpigia mteja simu nikamweleza ukweli. Mazungumzo yalikuwa magumu na nilipoteza wiki mbili za kazi, lakini programu niliyompa baadaye ilikuwa na vigezo vitatu. Mstari wake ulikosea mara kwa mara, na ulisema wazi unaweza kukosea kwa kiasi gani.

Nilichojifunza kwenye benchi lile sikufundishwa darasani. Nilidhani kupenda jambo na kulishuku ni njia mbili, na kwamba dada hakupenda Zuhura kama sisi. Kumbe yeye ndiye aliyeipenda zaidi: alitaka kuifahamu yenyewe, hata kama si ile aliyotamani iwe. Na watu wa Cardiff pia nawaheshimu. Waliweka data na njia zao hadharani, ndiyo maana watu wa Leiden waliweza kuzipitia, na hata sisi wanne wa Sinza tukaweza kujua pa kugusa.

Mwaka ule uliisha kwa huzuni. Tarehe 1 Desemba jukwaa la Arecibo, lenye uzito wa tani 900 hivi, lilianguka juu ya sahani yake yenye upana wa mita 305. Kaka aliitazama video mara moja tu akaweka simu mfukoni. Mawimbi aliyoyachambua usiku na usiku enzi za chuo yalikuwa yamepokelewa na sahani ile. Dogo alimlipia kahawa, na jioni hiyo hatukubishana.

Wiki mbili baadaye zikavuma habari za ishara iliyonaswa na darubini ya Parkes, Australia, kutoka upande wa nyota ya Proxima Centauri. Safari hii dogo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kuhusu kelele. Mwaka 2021 wachunguzi walithibitisha kwamba ishara ile ilitoka kwenye vifaa vya binadamu.

Ofisi yetu ilihama, kila mtu akashika njia yake. Mwaka jana nilipita Sinza jioni, nikamkuta mzee chini ya mwarobaini uleule. Nikamwamkia, nikaketi. Akanitazama kwa muda akinitafuta katika kumbukumbu zake, kisha akauliza, “Ile gesi ya Zuhura, wameshainusa?”

“Bado, mzee. Bado wanabishana.”

Akanimiminia kikombe. “Waache wabishane,” alisema. “Ila wahesabu vizuri.”