Siku Nilipovaa Gomesi

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Methali hii naliipenda sana tangu siku nilipoingia shuleni, maana katika mambo ya kuigiza mimi nalikuwa mcheza kwao. Kila mchezo ulipochaguliwa nalipewa kuwa mfalme, au hakimu, au jemadari. Nalikariri maneno yangu usiku, kisha nikasimama katikati ya jukwaa nikapaaza sauti, na watu wakapiga makofi. Nikadhani kuigiza ndiko huko.

Katika mwaka wangu wa mwisho, Bwana Mwalimu wa Kiswahili akaja na jambo jipya. Alisema kwamba kwa Siku ya Wazazi hatutachukua mchezo ulioandikwa na mtu, bali tutautunga sisi wenyewe, vijana kumi na wanne, kwa kusimama na kujaribu. Tena hatutauchezea ukumbini, ila chini ya mwembe, watu wakituzunguka. Akatukumbusha habari za wanafunzi wa Makerere. Jumba la Michezo la Taifa lilifunguliwa Kampala mwaka 1959, lakini mwaka 1965 wanafunzi wale walianza kusafiri na michezo yao, wakawafuata watu huko huko walikokaa, wakacheza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. "Waliacha jukwaa walilolizoea," alisema. "Nanyi acheni lenu."

Basi tukaanza. Tulisimama wawili wawili. Mmoja akainua mkono polepole, na mwenziwe akamfuata kama kioo, hata mtazamaji asijue ni nani anayeongoza. Mimi nalishindwa kila siku, kwa kuwa nalitaka kuongoza. Sheria ya pili ilikuwa hii: mwenzako akikupa neno, lipokee, kisha umrudishie jingine, usilitupe. Hiyo nayo ilinishinda.

Kwa njia hiyo tukapata hadithi. Kijana mmoja anauza kwa siri shamba la bibi yake ili anunue pikipiki ya bodaboda, na yule bibi anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba haki. Shule yetu ni ya wavulana watupu, kwa hiyo bibi hana budi kuwa mvulana. Tukapiga kura kwa vikaratasi. Umwenyekiti ukamwangukia kijana mdogo wa kidato cha kwanza, mtu wa Arua, ambaye alinifika begani tu. Ubibi ukaniangukia mimi.

Ndugu msomaji, kwetu Busoga mwanamke huamkia kwa kupiga magoti. Nami nalikuwa kiranja wa bweni, na mtoto yule alilala katika bweni langu. Kila asubuhi nilipopita alisimama wima kando ya kitanda chake. Leo nivae gomesi na kumpigia magoti mbele ya shule nzima! Nikakataa. Bwana Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu, "Likizo fupi imekaribia. Nenda ukamtazame bibi yako, kisha urudi unipe jibu."

Nikaenda. Siku zile bibi yangu alikuwa na shauri la mpaka wa shamba, nami nikamsindikiza kwa karani mmoja, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Bibi alitanguliza mkono mmoja chini, kisha goti moja, kisha la pili, akamwamkia bila haraka, akasema maneno yake yote. Njiani nikamwuliza, "Bibi, hukuona haya?" Akanijibu, "Haya ya nini? Nalikwenda kwa ajili ya shamba langu, sikwenda kwa ajili ya magoti yangu."

Nikarudi shuleni na gomesi yake ndani ya sanduku.

Siku ya Wazazi ikafika. Nilipotokea chini ya mwembe nimefunga mshipi kiunoni, vicheko vikaanza. Nilipotanguliza mkono chini na kupiga magoti mbele ya mtoto yule, bweni zima likapiga kelele. Mwenyekiti wetu akashtuka. Akafungua kinywa, neno halikutoka. Nikaona vidole vyake vinatetemeka juu ya magoti.

Zamani ningalisimama nikatoa hotuba ndefu, nami nikasifiwa kwa kuuokoa mchezo. Hotuba yenyewe ilikuwa imekwisha kunijia ulimini. Lakini kutoka pale chini nalimwona usoni kuliko nilivyopata kumwona bwenini, nikakumbuka mchezo wa kioo. Nikangoja. Kisha nikamwuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mbona umenyamaza? Nawe unaye bibi nyumbani?"

Akanitazama kitambo. Akasema, "Ninaye." Vicheko vikakoma. Akashuka kitini, akanishika mkono, akasema, "Inuka, bibi. Tuanze upya."

Katika mazoezi yetu mwenyekiti alikuwa anifukuze! Lakini neno limekwisha tolewa, na sheria yetu ilikuwa kulipokea. Mjukuu, aliyejitayarisha kucheka kwa kushinda, akavua kofia yake ya pikipiki akainama. Majirani waliokuwa waniimbie wimbo wa kunizomea wakanyamaza, kisha mmoja akaniletea kigoda. Mchezo ukaisha kwa namna ambayo hapana hata mmoja wetu aliyeipanga. Makofi yakapigwa, nami sikujua ni ya nani. Na kwa mara ya kwanza sikutaka kujua.

Asubuhi yake nilipita bwenini. Mtoto yule akasimama wima kama desturi. Nikamwambia aketi, nikaketi naye, tukazungumza habari za bibi zetu.

Ninyi mlio nyuma yangu, mkipewa sehemu msiyoitaka, msiikatae upesi. Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli. Lakini mimi nalicheza kwetu miaka mitano nisimjue aliyesimama kando yangu.